Tunahesabu, Hatutaji

Ungo uliuliza swali lile lile kwa mara ya tatu wiki ile, kwa sauti yake isiyojua kuchoka.

"Faili la Iramba. Watoto wachanga wasiosikia wamezidi kiwango cha kawaida. Hakuna dawa inayohusika. Faili lifungwe?"

Eliwaza Mkumbo aliuacha ungoje. Alikuwa amevua viatu chini ya meza, miguu imemvimba kwa joto la Dodoma, na chai aliyoletewa asubuhi ilikuwa imeshika utando. Miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile alikuwa amejifunza jambo moja: mashine haikasiriki ukiichelewesha. Wanaokasirika ni watu, na watu walikuwa ghorofa ya juu.

Waliouita mtambo ule Ungo walikuwa wanawaza mchele. Wananchi waliwaza wachawi, maana nani asiyejua wachawi husafiri na nini? Mpaka leo mama mkwe wa Eliwaza hajathubutu kumwambia jirani mahali mkwewe anapofanya kazi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya mchele kweli. Kila aliyepimwa joto, aliyechomwa sindano au aliyepewa vidonge katika zahanati yoyote nchini, habari zake zilifika hapa zikapepetwa. Zamani dawa ikisharuhusiwa kuuzwa iliachwa iende zake, ikidhuru mtu ni shauri yake na Mungu wake. Siku hizi Ungo uliifuata nyuma nyuma: nani kapewa, na nini kimempata baadaye.

"Hao watoto," alisema Eliwaza hatimaye, "wakishachomwa chanjo ya kwanza na kupimwa masikio, wanaendeleaje?"

"Wametoroka kliniki."

"Wote?"

"Karibu wote. Hali hii inaonyesha uzembe wa wauguzi wa Iramba. Barua za onyo zimeshapelekwa."

"Na mama zao, hiyo ni mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Eliwaza alicheka, kicheko kisicho na furaha yoyote. Aliwaona wauguzi wa watu, wamekaa na barua za onyo mapajani, hawajui kosa lao. Kisha akajiona yeye mwenyewe, msichana mwenye tumbo la kwanza, ameshushwa kwenye basi pale Kiomboi na begi la nguo za mtoto. Mama yake alimpokea kwa uji wa mtama. Akazaa, akakandwa, akalishwa, akafundishwa kumshika mtoto shingo. Mtoto alipokaza kidogo, mume akaja kuwachukua. Nani angezaa mtoto wa kwanza ugenini wakati mama yake yu hai? Waliounda Ungo walikuwa watu wenye akili nyingi mno, na wote waliamini kwamba mtu huugua pale anapoishi.

"Hawajatoroka, mpumbavu we," aliuambia mtambo. "Wamerudi kwa waume zao."

"Sijaelewa swali."

"Mimba wamezibebea wapi? Kabla ya kuja Iramba kujifungua, walikuwa wanahudhuria kliniki ya wapi?"

"Swali hilo linavuka mkoa. Pazia la siri za wagonjwa haliruhusu."

Alijua halitaruhusu. Ila hakuuhitaji Ungo kwa hilo. Kila nyumba ya Iramba ilijua watoto wao wanakwenda wapi wakishaoana: Lukoga, kwenye mashamba mapya ya miwa bondeni Kilombero. Huko kulikuwa na kazi, nyumba za bati jipya, na vijana kutoka kila pembe ya nchi. Kitu ambacho hakikuwepo Lukoga ni bibi. Mji mzima haukuwa na mwanamke hata mmoja ambaye mama yake alikuwa anaishi pale.

Na huko bondeni, kila mjamzito alimeza Malaveti. Hakuna aliyeiita hivyo. Waliiita Jumatatu, kwa kuwa ilimezwa Jumatatu mbele ya muuguzi. Dawa za zamani za malaria zilipokufa nguvu, wanawake wa bondeni walizikwa na mimba zao, mpaka Jumatatu ilipokuja, na makaburi yakapumzika. Mimba za baadaye kidonge kimoja. Mimba ya kwanza viwili, kwa sababu homa humpenda zaidi anayebeba kwa mara ya kwanza. Hivyo viwili viliongezwa dawa ikiwa imesharuhusiwa, na hakuna aliyepinga, maana vilifanya kazi.

Vidonge viwili kwa wale tu ambao wangeondoka kwenda kuzalia kwa mama zao. Madhara, kama ni madhara, yalipanda basi yakatawanyika nchi nzima, mtoto mmoja huku, wawili kule. Ni Iramba tu, kwa kuwa ilipeleka mabinti wengi, ndiko yalikorudi kwa wingi wa kuonekana.

Eliwaza alivaa viatu. Alifunga kamba haraka. Kule Lukoga alikuwa na mtoto wake wa kulea.

*

Mihayo, Mtunza Pazia, alikuwa na ofisi isiyo na kitu isipokuwa meza, kiti cha pili, na maandishi ukutani yale yale yaliyo kwenye ukuta wa kila zahanati nchini: TUNAHESABU, HATUTAJI. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, na Eliwaza akiwa Mnyiramba, walikuwa hawajawahi kusalimiana kama watu wazima.

"Mtani! Leo umekuja na uso wa matanga. Kama ndiyo unakufa, niambie mapema nijiandae. Nitalala kwenye kaburi lako mpaka ndugu zako wanilipe."

"Keti kwanza, mtani."

"Mimi nimeketi. Wewe ndiye umesimama."

Eliwaza aliketi akamweleza. Mihayo alisikiliza akiwa amefumba macho. Utani ulimtoka usoni taratibu, na alipofumbua macho alikuwa mzee.

"Unataka ufunguo wangu wa Pazia," alisema.

"Wako na wangu. Tufungue mkoa wenye Iramba na ule wenye Lukoga, tumuunganishe kila mama na mwanawe. Tutajua leo hii hii."

"Huwezi kuwafungua hao wasichana peke yao. Unajua hilo."

Alijua. Habari ya mtu ilipobisha hodi pale, Pazia lilimvua jina likampa kivuli, na akivuka mkoa lilimpa kivuli kingine kisichofanana na cha kwanza. Ili kujua kivuli hiki cha Lukoga ndicho kile cha Kiomboi, ilibidi kuwavua vivuli wote wa mikoa ile miwili, kila mmoja kwa jina lake, ndipo uchague unaowataka.

"Mwenye kifafa aliyemficha mkwewe," alisema Mihayo. "Mama anayemeza dawa za UKIMWI chooni. Binti aliyeharibu mimba na sasa anaimba kwaya. Wote juani. Na sheria inataka kila mmoja aambiwe kwamba alifunguliwa."

"Tutawaeleza sababu."

"Mtani, ule mwaka majina ya wagonjwa yalipovuja, mdogo wangu alikuwa mwalimu Sikonge. Hawakumfukuza kazi. Hakuna aliyemtukana. Watoto waliacha tu kupokea daftari mkononi mwake. Basi akaacha kwenda kuchukua dawa, ili asionekane tena pale dirishani. Dawa ya bure! Ilikuwa kabatini, imeandikwa jina lake, na yeye akafa nyumbani kwake kwa kuona haya." Alimkazia macho Eliwaza. "Unakumbuka wajawazito waligoma kliniki muda gani baada ya pale? Na wangapi walifia nyumbani? Ni wewe uliyesoma hesabu zile."

"Nakumbuka."

"Mimi nilikubali kiti hiki kwa ajili yake. Sifungui."

"Na hawa watoto?"

"Watoto hawasikii, mtani. Lakini wako hai."

Alipokwisha kusema akageuza uso, akaona aibu, na Eliwaza hakumsaidia. Walikuwa watu wawili wanaopendana, kila mmoja akitamani mwenzake ndiye awe amekosea.

"Tusipofungua?" aliuliza Eliwaza.

"Ungo utang'amua wenyewe. Mikoa mingine nayo itajaa watoto hao. Miaka miwili. Mitatu."

"Na hadi hapo watakuwa wamezaliwa wangapi?"

"Msomaji wa Ungo ni wewe."

*

Jioni ile alimpigia Elisifa. Alikuwa mtoto wa dada yake Elineema, aliyekufa kwa homa akiwa na mimba ya pili, miaka ile dawa zilipokataa kufanya kazi. Eliwaza alimlea tangu akiwa na meno ya maziwa, akamsomesha, akamfunda, akamsindikiza Lukoga kwa mumewe na godoro juu ya gari. Uso wake ulipotokea kwenye kioo, umenenepa na kung'aa, Eliwaza alisahau alichotaka kusema.

"Shikamoo mama mdogo!"

"Marahaba mwanangu. Hilo tumbo au umeficha boga?"

"Anacheza huyu, anacheza mpaka usiku hanipi usingizi. Jana baba yake alimwimbia, akatulia kabisa. Mama mdogo, anasikia kabisa tumboni! Bibi ameshanunua mtama. Mwezi ujao nakuja Kiomboi, na wewe uombe ruhusa, usije ukaleta visingizio vya kazi."

Eliwaza alikisogelea kioo. "Jumatatu unakunywa?"

"Viwili. Sijakosa hata wiki moja. Si wewe uliyenifundisha?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari: acha. Kanuni ya Ungo ilisema msomaji asimwambie mtu shaka ambayo haijawa hakika, wala ndugu yake, wala mwanawe. Kanuni si kitu, angeivunja huku anakula karanga. Kilichomzuia ni Elineema. Alimwona dada yake kwenye kile kitanda cha chuma, meno yakigongana, akiomba blanketi kwenye jua la saa saba. Akisema acha, na homa ikamwingia huyu? Akinyamaza, na mtoto akazaliwa baba yake akamwimbia bure?

Na halafu likamjia la tatu, nalo ndilo lililomchosha kuliko yote. Nyuma ya Elisifa, kwenye foleni ya Lukoga, kulikuwa na wasichana wasio na mama mdogo Dodoma. Kumwambia huyu peke yake kungekuwa wizi.

"Mama mdogo? Mbona umenyamaza? Unaniogopesha."

"Nimechoka tu, mwanangu. Jumatatu uende mapema kliniki. Kuna tangazo."

"Tangazo la nini?"

"Utalisikia na wenzako."

Alipozima kioo alilia kidogo, kisha akanawa uso akarudi ofisini. Mihayo alikuwa bado yupo. Naye hakuwa na hamu ya kwenda nyumbani.

"Sitakuomba tena ufungue," alisema Eliwaza akiwa mlangoni. "Nitawauliza wenyewe. Sisi ndio tulioahidi kutotaja. Wao hawakuahidi."

"Utatangaza shaka? Kabla ya hakika?"

"Ndiyo."

"Watakunyang'anya ufunguo."

"Wauchukue. Unaniumiza shingo siku nyingi."

"Na wakiogopa, wakaacha dawa kabisa? Wakafa?"

"Basi watakuwa wamekufa kwa sababu yangu," alisema Eliwaza, na sauti yake ilikuwa tupu, "na wewe utakuja matangani kwangu, na hutakuwa na la kutania."

*

Kliniki ya Lukoga ilikuwa imejaa Jumatatu ile kama kawaida. Eliwaza alitazama toka Dodoma kupitia kioo cha ukutani kule, wao wakimwona na yeye akiwaona: mabenchi mawili marefu, ndoo ya maji ya kunywa yenye bomba, vikombe, na wanawake wenye matumbo na wenye watoto mgongoni waliokuja kupimwa uzito. Elisifa alikuwa benchi la mbele. Alimpungia mkono, kisha akaona uso wa mama yake mdogo, akaushusha mkono.

Sista Tulinagwe, muuguzi wa pale, Mnyakyusa mnene mwenye sauti ya kanisani, alisoma tangazo mara moja tu.

"Kidonge hiki kinawazuia msife. Hilo tuna hakika nalo. Lakini huenda wale waliomeza viwili, baadhi ya watoto wao wamezaliwa hawasikii. Hilo hatuna hakika nalo, kwa sababu mlikwenda kuzalia kwenu na sisi hatuwafuati. Anayetaka kusema, aseme. Asiyetaka, asiseme. Hakuna atakayeandikwa." Alikunja karatasi. "Ndiyo hivyo, wanangu. Mimi mwenyewe nimeijua leo asubuhi."

Bomba la ndoo lilidondosha maji.

Kisha mwanamke mmoja, mtoto mgongoni amelala, alisimama polepole.

"Wangu nilimzalia Kiomboi," alisema. "Mimi niliona ni mtoto mtulivu. Sufuria ikianguka analala tu. Mama mkwe alipokuja kututembelea alinipongeza, akasema umetuletea mtoto asiye na makelele."

"Hata wangu mtulivu," alisema mwingine kutoka nyuma, kwa sauti ndogo. "Nilimzalia Mbulu."

"Wangu Njombe."

"Wangu hajageuka hata siku moja nikimwita. Nikasema labda ana kiburi kama baba yake." Aliyesema hivyo alitaka kucheka, kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, na aliyekaa karibu akamshika.

Waliendelea kusimama. Si wote, wengine walikumbatia watoto wao wakatazama sakafu, na Eliwaza hakuwauliza. Ungo, uliokuwa wazi kwenye kioo cha pembeni, haukuandika chochote, kwa kuwa hakuna kilichotolewa wala kupimwa. Eliwaza alihesabu kwa vidole vyake mwenyewe chini ya meza, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka vidole vikaisha.

Sasa alijua. Haikuwa hakika ambayo ghorofa ya juu wangeipokea. Ilikuwa hakika ya kumnyima usingizi maisha yake yaliyobaki.

Tulinagwe alifungua kopo la dawa kwa sababu ilikuwa Jumatatu na hakuna aliyemwambia asifungue. Wa kwanza kwenye benchi alikuwa Elisifa. Alipokea vidonge viwili, akakinga kikombe kwenye bomba, kisha hakumeza. Alitembea mpaka karibu na kioo, tumbo mbele, kiganja wazi.

"Mama mdogo. Nimeze au nisimeze?"

Mabenchi yote mawili yalimgeukia Eliwaza. Alikuwa amesoma dawa zaidi ya mia, alijua uwezekano wa hili na lile mpaka kwenye nukta, na kwa swali lile hakuwa na namba.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Homa inaua, wewe ndiye shahidi. Viwili vinaharibu masikio, naamini hivyo. Kimoja hatujawahi kukipima kwa mimba ya kwanza. Sijui kama kinatosha. Ningejua ningekwambia."

"Mama yangu angekuwa hai, angenishauri nini?"

"Angekushika mkono. Na yeye asingejua."

Elisifa alitazama vidonge kwa muda. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akachukua kimoja, akakiweka ulimini, akanywa maji kikombe kizima. Kile cha pili akakifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno kama mtu anayefunga nauli ya kurudi nyumbani.

"Hiki nakutunzia," alisema. "Siku ukijua, uniambie."

Mwanamke aliyemfuata alipokea vyake viwili. Alimeza kimoja. Kanga yake nayo ikapigwa fundo. Wa tatu alivifunga vyote viwili. Wa nne alimeza vyote, akajifuta mdomo, akasema yeye ameshamzika dada yake na hataki mchezo. Tulinagwe alisimama na kopo lake, akimpa kila mmoja anachostahili kwa mujibu wa kanuni, na hakumkemea hata mmoja.

Kwenye kioo cha pembeni Ungo uliamka. Kopo lilihesabu kila kidonge kilichotoka, na Ungo ukaandika kama ulivyofundishwa: vimetolewa viwili, vimemezwa viwili. Vimetolewa viwili, vimemezwa viwili. Mstari chini ya mstari, safi kabisa.

Mihayo alikuwa ameingia muda mrefu. Alisimama nyuma ya kiti cha Eliwaza, naye ameona. Mkononi alikuwa na barua ya ghorofa ya juu, na hakuwa na haraka ya kuitoa.

"Lukoga," ulisema Ungo. "Umezaji umekamilika. Hakuna tatizo. Faili la Iramba: hakuna dawa inayohusika. Lifungwe?"

"Hapana," alisema Eliwaza.

"Usahihishe basi hiyo mistari, mtani," alisema Mihayo kwa upole. "Kabla hujanipa ufunguo. Waliomeza ni wangapi?"

Kule Lukoga wanawake walikuwa wanatoka mmoja mmoja kwenye jua, na kutoka nyuma hungeweza kujua nani ana fundo na nani hana.

"Mimi sijui," alisema Eliwaza. "Wanajua wenyewe. Itabidi kila Jumatatu mtu awaulize."

Akauvua ufunguo shingoni, akamkabidhi, kisha akainama kutafuta viatu vyake chini ya meza.